Daftari la Mei

Jumamosi, 4 Mei 2024

Upepo tangu alfajiri. Redio inakitaja Kimbunga Hidaya kila nusu saa. Boti za Unguja zimesimama, Mafia wako katikati ya njia yake. Mimi niko hapa Mbagala sina la kufanya, nimeshika simu tu, nampigia katibu wa kikundi cha wanawake cha Muhoro, Rufiji. Inaita mara moja, inakatika. Tena. Inakatika.

Hawajakauka hata na maji ya Aprili. Jamani.

Na lile kabati la ofisini kwao sijamuuliza mpaka leo. Tangu mafuriko tumezungumza habari za watoto, za mahema, za vyandarua, za nani kahamia kwa nani. Kila nikikaribia kabati nageuza maneno. Nadhani naye anageuza.

Usiku. Mvua kubwa. Bado hapatikani.

Jumatatu, 6 Mei

Amepatikana! Alhamdulillah. Kimbunga kimeishiwa nguvu, kwao ilikuwa mvua na upepo, mabati yameruka nyumba mbili tatu, mtu hakuumia. Nikajikaza, nikauliza.

"Shangazi, kabati limebaki limesimama. Vilivyokuwemo ndivyo vimekwenda."

Rejesta za migogoro ya ardhi. Daftari la mirathi. Mafaili ya matunzo ya watoto. Mwezi uliopita maji yalifika kwenye dirisha, wakaanika kurasa mkekani, zikashikana, wino ukakimbia. Alikuwa anatafuta namna ya kuniambia.

Wanawake wasiolipwa mshahara. Wanatoka shamba saa nane mchana, wananawa miguu, wanakaa kuandika shida za watu mpaka magharibi. Kazi hiyo ndiyo iliyolowa.

Namfikiria yule mjane wa shamba la mpunga. Mashemeji wanalitaka shamba, wanasubiri tu achoke. Kila alipokwenda kwa mtendaji, waliandika: tarehe, nani alikuwepo, nini kilisemwa, dole gumba chini. Akirudi barazani mikono mitupu ataambiwa nini? Ataambiwa hakuja.

Saa nane usiku. Nimekurupuka. Simu! Zile simu za mradi! Mwaka jana walijaza humo fomu za Kobo, ile programu ya kukusanyia taarifa, kesi kwa kesi. Mradi ukaisha, akaunti ilikuwa ya mradi, nywila sijui nani anayo, kijana wa takwimu yuko masomoni nje. Lakini simu zenyewe? Ziko wapi?

Barabara ya kusini imekatika Somanga, mabasi ya Lindi na Mtwara yamelala njiani. Muhoro iko kabla ya hapo. Nitapita.

Alhamisi, 9 Mei

Kikao na wafadhili, cha video. Nimetoka nimechoka kuliko siku yoyote ya safari.

Wanataka dashibodi. Ramani ya Rufiji, kila kesi nukta, nyekundu kwa ukatili, njano kwa ardhi, zinaongezeka papo hapo na mtu wa Ulaya anaangalia. Kijana anayeiongoza ni mwema, ana heshima, michoro yake imependeza. Sikutaka kumvunja moyo. Lakini nilimuuliza: kitongoji cha kaya arobaini, nukta nyekundu moja, nani hatajua ni nyumba ya nani? Akanyamaza. Kisha akasema, Mama, majina yatafichwa. Mwanangu, mume aliyempiga mkewe hahitaji kusoma jina. Nukta inamtosha.

Mwingine akatoa mfano wa Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni ya Kenya. Nikamwambia Ushahidi ninaikumbuka vizuri, Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake wanaijenga kwa siku chache huku Kenya inawaka moto baada ya uchaguzi. Ilikuwa kazi tukufu. Watu walituma meseji wakitaka dunia ione kinachotokea mtaani kwao, kwa kuwa vyombo vya habari vilikuwa vimezibwa. Mwanamke wa Muhoro anataka kinyume chake. Anataka aonwe na watu watatu: katibu, mwenyekiti, na hakimu. Basi.

Nikataja na sheria. Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, imeanza kazi Mei mwaka jana, Tume yenyewe imezinduliwa mwezi uliopita. Asasi inayoshika majina ya watu inatakiwa ijisajili, ipate ridhaa ya mwenye jina, ieleze inayapeleka wapi. Kimya kirefu upande wa pili. Wakasema watalitafakari.

Na bajeti ya simu mpya? "Haimo kwenye vipaumbele." Bei ya dashibodi moja ingenunua simu za kata zote.

Jumapili, 12 Mei

Asubuhi. Nilidhani bando limekwisha. Nimenunua jingine. Bado inazunguka tu.

Mchana. Siyo mimi. Jirani naye, dada yangu aliyeko Moshi naye, mlinzi wa ofisini naye. Kebo za intaneti za baharini. EASSy na Seacom, zote mbili, huko chini Afrika Kusini. Na Seacom ilikuwa na jeraha tayari Bahari ya Shamu tangu Februari, inasemekana nanga ya ile meli Rubymar iliyopigwa na Wahouthi. Kaskazini imeumia, kusini imekatika. Machi ilikuwa zamu ya Afrika Magharibi, Abidjan huko, kebo nne kwa mpigo. Mwaka gani huu.

Jioni. Mkurugenzi mmoja wa asasi kubwa hapa mjini amenipigia sauti inatetemeka. Hesabu za robo mwaka ziko kwenye seva ya nje, hazifunguki, mkaguzi anakuja kesho. Mwingine: orodha ya wagonjwa wa majumbani, na namba za simu za wahudumu, zote huko. Mwingine hajui hata namba ya simu ya katibu wake mwenyewe, maana humpigia kwa WhatsApp, kwa picha.

Lakini simu ya kawaida inapita. Meseji inapita. Niliwaambia wote: orodha za namba za watu wenu ziandikwe leo, kwa kalamu.

Nakumbuka Julai 2009, Seacom ilipowashwa. Furaha ile! Kabla yake kila herufi ilipanda setelaitini na kushuka, kwa bei ambayo asasi ya wilayani haikuthubutu hata kuiuliza. Mwaka uliofuata EASSy ikaja. Ilikuwa furaha ya haki na siiondoi. Kebo ni kitu chema. Ila mtu hawezi kuhamia na vyombo vyake vyote kwenye nyumba yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe uko baharini.

Kesho alfajiri nakwenda Muhoro. Sihitaji intaneti kwa ninachokifuata.

Jumatatu, 13 Mei

Naandika kwa taa ya chemli, nyumbani kwa mwenyekiti. Mikono inanuka samaki. Moyo umejaa.

Nianze wapi. Basi la Rangi Tatu, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Pale Daraja la Mkapa abiria wote walisimama kutazama mto. Hakuna aliyesema kitu. Maji yamesambaa mpaka jicho linachoka, vichwa vya miembe vimechomoza. Kisha bodaboda, matope, kushuka, kusukuma, kupanda.

Walikuwa wananingoja chini ya mti, wote, na kanga safi. Shikamoo zikapita, pole zikapita. Nikauliza simu.

Moja imekufa majini. Moja alipewa binti aliyekwenda kusoma Kilwa. Moja mwenyekiti aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaitia sanduku la mabati pamoja na vitenge vya harusi ya mwanawe, na maji yalipokuja sanduku likapandishwa darini. Imelala humo tangu mradi ulipoisha.

Tukaichaji kwa betri ya sola ya muuza duka. Dakika zile! Ikawaka. Programu imo. Nikafungua fomu zilizotumwa. Zimo. Hakuna aliyekuwa amewasha ile sehemu ya kufuta baada ya kutuma. Nikateremka chini zaidi: fomu zilizokamilika, hazijatumwa. Nyingi. Maana huku mtandao ulikuwa unakamata chini ya mwembe wa shule tu, na mradi ulipokwisha nauli na bando vikakoma, hakuna aliyekwenda tena mwembeni. Fomu hizo hazikuwahi kufika kwenye seva yoyote duniani. Zilikaa humo, zinangoja.

Yule mjane yumo. Tarehe zote. Aliyeandika ni mwenyekiti mwenyewe, siku katibu alipokuwa mgonjwa na wiki zilizofuata.

Niliposoma jina lake mwenyekiti alishika mdomo kwa ncha ya kanga. Halafu wakaanza kuniomba mengine. Fulani yumo? Yumo. Na mama wa mapacha? Yumo. Na yule aliyefukuzwa usiku? Yumo. Kila nikisema yumo wanaitikia "eeh". Vijana wawili wa bodaboda walisogea kusikiliza, mwenyekiti akawaondoa papo hapo kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Majina ya watu haya, akasema. Nendeni.

Huyo ndiye ningemleta kwenye kikao cha Alhamisi.

Nimenakili faili zote kwenye kompyuta yangu, kisha flashi mbili. Dar hawapati hata ukurasa wa gazeti. Sisi hapa tunasoma.

Jumanne, 14 Mei

Kutwa nzima kuandika. Mimi nasoma kwenye kioo, katibu anaandika kwenye rejesta mpya, mweka hazina anasoma nyuma kuhakikisha. Kalamu ya wino usioyeyuka, nilileta boksi zima. Si zote tumepata. Kesi za zamani, kabla ya simu, zimekwenda na maji, wenyewe wanaziorodhesha kwa kichwa na watazipitia nyumba kwa nyumba.

Mchana tukazungumzia mengine. Barua pepe ya kikundi: nywila anayo afisa wa mradi uliokufa. Tovuti: domeni ilisajiliwa kwa jina la fundi aliyeitengeneza, na simu yake haipokelewi. Akaunti ya Kobo: ya mradi. Yaani kikundi kimefanya kazi miaka yote hii na hakimiliki hata mlango mmoja wa nyumba yake ya mtandaoni. Hili limenikuta kila mji niliofanyia kazi. Kampala, Bujumbura, Lusaka. Mradi unaleta, mradi unaondoka na ufunguo. Linanichoma kila mara kama la kwanza.

Katibu akauliza: "Shangazi, hiyo tovuti ilimsaidia nani?"

Tukafikiri, kweli tukafikiri, si kwa ubishi. Mwanasheria mmoja wa Dar aliwahi kuwapata kupitia hapo. Na picha zilikuwa nzuri. Basi wakaamua, si mimi: barua pepe tunaitaka, iwe yetu. Tovuti ingoje. Simu ziwe mbili, moja kwa katibu moja kwa mwenyekiti, zisilale nyumba moja. Flashi moja ibaki kwa imamu, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri. Faili ziwe na nywila, imamu asibebeshwe siri za watu.

Imamu! Mimi nisingelifikiria. Nyumba yake iko kilimani, na hakuna anayethubutu kumwibia.

Ijumaa, 17 Mei

Dar. Mtandao unakuja, unaondoka. Wanasema meli ya kutengeneza imo njiani, Léon Thévenin, ile ya Cape Town.

Mzee wangu wa Nairobi amepiga, simu ya kawaida, sauti yake ile ile. Yeye ndiye aliyenikalisha mbele ya modemu mara ya kwanza, enzi za NGONET, mtandao wa barua pepe wa asasi, pale kituo cha mazingira cha ELCI. Tukarudi huko wote wawili. Barua unaiandika mchana laini ikiwa imefungwa. Inakaa foleni. Usiku GreenNet ya London inapiga, modemu zinalia, kifurushi kinakwenda, kingine kinashuka, laini inakatwa. Mfumo wa Fido. Dakika chache tu za simu ya nje, na asubuhi asasi nzima ina barua zake ndani ya kompyuta yake, hata kama laini haitarudi wiki.

Andika kwanza, tuma baadaye. Fomu za mwenyekiti chini ya mwembe zimefanya hivyo hivyo, na ndiyo maana zimepona. Nilimwambia, akacheka, akasema nilikufundisha nini?

Akanikumbusha lile jarida, Pambazuka, Desemba 2000, Firoze Manji na shirika la Fahamu wanaituma kila wiki kwa barua pepe, maandishi matupu, ili mtu wa Lubumbashi mwenye laini mbovu aisome yote. Na Kabissa ya Tobias Eigen, tangu 1999, iliyozipa asasi za Afrika anwani na nafasi ya tovuti, na kijitabu chao cha mafunzo ambacho nilikibeba kwenye mkoba mpaka jalada likatoka. Watu waliouliza kwanza laini yako ikoje, umeme wako ukoje, ndipo wakajenga. Nawaheshimu mpaka leo.

Baada ya simu nikakaa kimya kidogo. Nikawaza Oktoba 2020. Siku chache kabla ya kura meseji za mkupuo zilisimamishwa, tarehe 24 mpaka 11 Novemba, na WhatsApp ikawa haifunguki. Vikundi vyangu vilivyotegemea meseji hizo kuwaambia wajawazito siku ya kliniki vikanyamaza. Waliokuwa na mti wa simu, yaani wewe mpigie huyu, huyu ampigie yule, ndio walioendelea. Mwaka huu kuna uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwakani uchaguzi mkuu. Kila kikundi kiwe na mti wa simu kabla ya Novemba. Naandika hapa ili nisijipe visingizio.

Jumatano, 22 Mei

Mjane aliitwa barazani jana. Katibu alikwenda naye, na rejesta mpya, na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Mashemeji walikuja wakijua makaratasi yameliwa na mto. Katibu akasoma tarehe moja baada ya nyingine, mtendaji wa zamani akaulizwa mbele ya watu, akakiri, ndiyo, siku ile alikuja, na siku ile.

Haijaisha. Wamepewa tarehe nyingine, Juni. Inaweza kwenda mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini hawakumwambia hakuja.

Nimelia kidogo jikoni. Machozi mazuri.

Alhamisi, 23 Mei

Jibu la wafadhili. Wako tayari "kuahirisha" ramani. Wanauliza nini badala yake, ukurasa mmoja, kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku mbaya pia, lakini. Asasi moja mjini, niliowatengenezea mfumo mzuri, wamefunga ofisi, fedha zimekwisha. Vijana wazuri. Nilikwenda kuwasaidia kutoa kumbukumbu zao na kuzifunga kwenye diski. Mmoja alikuwa anafuta majina ya wafanyakazi kwenye akaunti, moja moja, taratibu. Nikamshika bega. Sikuwa na la kusema.

Jumapili, 26 Mei

Ukurasa mmoja. Nimeuandika mara nyingi, huu ndio nitakaoupeleka kesho, na nautia hapa nisije nikaulainisha asubuhi:

Hatutaki ramani. Tunataka simu za kudumu, mbili kwa kila kikundi, na fedha ya bando ambayo haifi mradi unapokufa. Fomu zijazwe bila mtandao, zitumwe mtandao ukiwepo. Nakala moja ikae kijijini, mahali wenyewe watakapopachagua. Rejesta ya karatasi iendelee. Kila akaunti, kila domeni, kila anwani isajiliwe kwa jina la kikundi siku ya kwanza, na mkataba useme hivyo. Jina la mwanamke lisitoke wilayani bila yeye kukubali, na akikataa huduma ile ile aipate. Fundi alipwe kufundisha warithi wawili kabla ya kulipwa kujenga chochote. Msipokubali haya, msitume fedha Muhoro. Tumieni kwingine, na kundi lile litaendelea na kalamu zake.

Nimesoma kwa sauti. Ni kali. Iende hivyo hivyo.

Jioni katibu amepiga. Barua pepe mpya ya kikundi imefunguka, ameifungua yeye, kwa uthibitisho wa hatua mbili, namba ya akiba ni ya mwenyekiti. Akataka kunisomea nywila niiandike. Nikamkataza. Wanayo wawili tu, na mimi simo.